Kwa nini samaki humla mwenzake: Somo la Ghuba ya Mwanza kwa wafugaji wa samaki

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Mkazi wa mjini anaponunua samaki kumi na wawili wa mapambo na kuwaweka katika tangi moja la kioo sebuleni, hutarajia kuwaona wote wakikua pamoja. Baada ya wiki chache huwahesabu na kukuta wamebaki tisa. Hakuna mzoga ulioelea, tangi lina mfuniko, maji ni safi na chakula hakikukosekana. Anachokiona ni samaki mmoja tu aliyewaacha wenzake kwa ukubwa.

Mfugaji wa kambale hukutana na jambo hilohilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Vifaranga aliowanunua kwa gharama na kuwapanda bwawani hupungua siku hadi siku, lakini hakuna mizoga ya kuokota. Wengi hufikiria wizi, ugonjwa au hata husuda ya majirani. Mara nyingi maelezo ni mepesi kuliko hayo: samaki waliopotea wameliwa na wenzao.

Kulielewa jambo hili kuna maana kubwa kwa wananchi wa Kanda ya Ziwa kwa wakati huu. Ufugaji wa samaki katika mabwawa na vizimba unapewa msukumo mkubwa na Serikali ili kupunguza shinikizo la uvuvi na kuongeza ajira. Mwezi Januari 2024, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa wanufaika wa mikopo isiyo na riba. Mkopo usio na riba bado ni mkopo, na kifaranga anayeliwa na mwenzake kabla ya mavuno ni sehemu ya mtaji uliopotea, pamoja na chakula chote alichokwisha kula.

Kinywa ndicho kipimo

Samaki wengi hawatafuni chakula kama wafanyavyo wanyama wa nchi kavu. Hufungua kinywa kwa ghafla, taya zikasogea mbele, na maji yakavutwa ndani pamoja na chochote kilicho karibu. Windo humezwa likiwa zima. Kwa sababu hiyo, jambo kubwa linaloamua nani ataliwa ni upana wa kinywa cha samaki mmoja ukilinganishwa na unene wa mwili wa mwingine. Jina ambalo muuzaji amempa samaki, au upole anaouonyesha mchana, havina uzito mkubwa katika suala hili.

Hapa ndipo wafugaji wengi wanaposhangaa. Samaki wawili huishi pamoja kwa miezi mitatu bila ugomvi, kisha siku moja mmoja anammeza mwenzake. Mfugaji husema samaki amebadilika tabia. Kwa kweli tabia ni ileile tangu mwanzo. Kilichobadilika ni ukubwa wa kinywa. Siku kinywa kilipotosha, aliyekuwa jirani akawa chakula.

Tofauti ya ukubwa nayo huanza mapema kuliko inavyodhaniwa. Vifaranga walioanguliwa siku moja, kutoka kwa mama mmoja, hawakui kwa kasi sawa. Anayewahi chakula leo huwa na nguvu ya kuwahi tena kesho, na anayesukumwa pembeni huzidi kubaki nyuma. Baada ya wiki chache pengo hilo linatosha kumfanya wa kwanza awe mwindaji na wa mwisho awe windo. Na akishaanza kula wenzake, mwindaji hukua kwa kasi zaidi, hivyo orodha ya anaoweza kuwameza huongezeka.

Mambo mengine huchochea hali hiyo: msongamano, chakula kidogo au kinachotolewa mara chache, na ukosefu wa mahali pa kujificha. Katika maji ya asili samaki mdogo hukimbilia kwenye mawe, mafunjo au maji mafupi. Katika tangi tupu la kioo au bwawa lisilo na kificho, hana pa kwenda. Aidha, uwindaji mwingi hufanyika jioni na usiku, wakati ambao mfugaji haangalii.

Mifano kutoka kwenye tangi

Miongoni mwa samaki wa mapambo wanaouzwa duniani, mfano unaofahamika sana ni samaki aitwaye oscar, mwenye asili ya Amerika ya Kusini. Huuzwa akiwa na sentimeta chache tu, ukubwa unaomfanya aonekane mwenzi mwema wa samaki wengine wadogo. Akitunzwa vizuri hufikia takriban sentimeta 30. Mnunuzi asiyeelezwa ukweli huo dukani huujua siku samaki wake wadogo wanapoanza kupotea.

Maziwa ya Afrika Mashariki nayo yametoa samaki wengi wanaofugwa matangini kote duniani, na baadhi yao ni wawindaji hodari. Katika Ziwa Nyasa yupo samaki mwenye mabaka ambaye wavuvi wa upande wa Malawi humwita kaligono, yaani mlalaji. Samaki huyo hulala ubavu chini ya ziwa akijifanya amekufa. Samaki wadogo wanaosogea kudonoa mzoga hukutana na kinywa kilicho hai. Ndani ya tangi hana haja ya kulala ubavu, kwa sababu windo haliwezi kufika mbali.

Katika Ziwa Tanganyika, ambako mkoa wa Kigoma umekuwa kitovu cha biashara ya samaki hai wa mapambo, yupo samaki mwenye nundu kichwani na michirizi myeusi ambaye wafugaji wa nje humwita frontosa. Ni mtulivu, hasogei kwa haraka, na hupendwa kwa utulivu huo. Hata hivyo, ziwani huwawinda samaki wembamba wanaoogelea kwa makundi wakati wa giza, wakiwa wamepumzika. Mfugaji anayewaweka pamoja kwa kuwa wote wanatoka ziwa moja atakuwa ameunda upya ndani ya tangi uwindaji uleule wa ziwani, bila nafasi ya kutoroka iliyokuwepo huko.

Somo linalojitokeza ni kwamba kutoka ziwa moja hakumaanishi kufaa kukaa tangi moja.

Ghuba ya Mwanza na ujio wa sangara

Mfano mkubwa kuliko yote wa samaki wageni kuchanganywa na wenyeji wadogo haukutokea ndani ya kioo. Ulitokea katika Ziwa Victoria, lenye eneo la takriban kilometa za mraba 68,800, ambalo asilimia 51 ya eneo lake ipo Tanzania.

Hadi katikati ya karne iliyopita, ziwa hili lilitawaliwa na furu, samaki wadogo wa rangi mbalimbali wanaokadiriwa kufikia spishi zaidi ya 500. Kila kundi la furu lilikuwa na kazi yake. Wapo waliokula mwani, waliovunja konokono, waliochuja vijidudu vya majini, na waliowinda furu wenzao. Walikuwapo hata waliojipatia chakula kwa kumlazimisha mama wa furu mwingine kutema mayai na vifaranga aliowahifadhi kinywani, kisha wakawala. Kwa maneno mengine, samaki kumla samaki lilikuwa jambo la kawaida ziwani tangu awali. Lakini mwindaji na windo walikuwa wamezoeana kwa vizazi vingi, na ukubwa wao haukupishana kupita kiasi.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara walipandikizwa ziwani kwa upande wa Uganda na Kenya. Lengo lilikuwa kugeuza furu, waliohesabiwa kuwa wadogo na wenye miiba mingi, kuwa samaki mkubwa mwenye nyama ya kutosha kwa chakula na biashara. Si kila mtaalamu aliyekubaliana na mpango huo. Mwaka 1960 mwanasayansi Geoffrey Fryer alichapisha makala kuhusu pendekezo hilo akitahadharisha juu ya hatari zake. Tahadhari hiyo haikuzuia upandikizaji.

Sangara anaweza kukaribia urefu wa meta 2 na uzito wa kilo 200, ilhali furu wengi hawazidi urefu wa kiganja cha mkono. Kwa kipimo cha kinywa kilichoelezwa hapo juu, matokeo yangeweza kutabirika. Hata hivyo, kwa takriban miaka 20 hakuna mabadiliko makubwa yaliyoonekana, na huenda ukimya huo uliwafanya wengi waamini kuwa hakuna tatizo.

Mabadiliko yalipofika, yalikuja kwa kasi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi wakishirikiana na wataalamu wa Tanzania walikuwa wakihesabu furu katika Ghuba ya Mwanza, mkono wa ziwa ambao leo unavukwa na Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi. Walipoanza kazi, furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa tabaka la chini ya ziwa. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 sangara waliongezeka kwa wingi ghubani. Kati ya spishi 123 za furu zilizokuwa zikipatikana katika vituo vya uchunguzi, takriban 80 hazikuonekana tena katika nyavu za watafiti baada ya mwaka 1986. Kwa ziwa zima, inakadiriwa kuwa spishi zipatazo 200 zilitoweka.

Ikumbukwe kuwa sangara hakufanya kazi hiyo peke yake. Tangu mwaka 1976 kiwanda cha kusaga furu kwa ajili ya chakula cha mifugo kilikuwa kikifanya kazi Mwanza, na meli zenye nyavu za kukokota zilipunguza furu katika baadhi ya maeneo kabla sangara hawajaongezeka. Vilevile, udongo na virutubisho vinavyoingia ziwani kutoka mashambani na mijini vimefanya maji kuwa na tope na mwani mwingi, na hewa ya oksijeni kupungua katika maji ya kina. Furu huchagua wenzi kwa kuangalia rangi. Maji yanapokuwa machafu rangi hazionekani, na spishi zinazokaribiana huanza kuchanganyika.

Kwa upande mwingine, sangara amekuwa nguzo ya uchumi. Viwanda vya kuchakata minofu jijini Mwanza, usafirishaji wa samaki nje ya nchi, biashara ya mabondo na ajira za maelfu ya wavuvi, wachuuzi na wasafirishaji vinamtegemea yeye. Kwa hiyo sera ya Taifa haimtazami kama adui, bali kama rasilimali inayopaswa kuvuliwa kwa utaratibu.

Jambo ambalo halifahamiki sana ni kilichofuata baada ya furu kuadimika. Sangara waligeukia uduvi, dagaa na watoto wa sangara wenyewe. Uchunguzi wa matumbo ya sangara ulionyesha wazi kuwa wakubwa wanawala wadogo wa jamii yao. Jike mmoja hutaga mamilioni ya mayai, na sehemu ya watoto hao huishia katika vinywa vya wakubwa wao. Hii ni mojawapo ya sababu zinazoonyesha umuhimu wa katazo la kuvua sangara walio chini ya sentimeta 50: mtoto wa sangara aliyeponea vinywa vya wakubwa anahitaji pia kuponea nyavu ili afikie umri wa kuzaa.

Waliookolewa na mawe

Si furu wote waliotoweka, na sababu za waliobaki zina manufaa kwa mfugaji. Waliopungua sana ni wale wa maji ya wazi na ya kina. Wanaoishi katika miamba na kandokando ya ziwa waliathirika kwa kiasi kidogo, kwa kuwa sangara mkubwa hawezi kuwafuata ndani ya nyufa za mawe. Mawe ambayo yameipa Mwanza sura yake yaliendelea chini ya maji na kuwa ngome ya samaki hao.

Mmoja wao ana jina ambalo kila Mtanzania angelitambua. Ni furu mdogo wa Ghuba ya Mwanza, ambaye dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye michirizi myeusi. Mwaka 1985 wanasayansi walimpa jina la kitaalamu la nyererei, kwa heshima ya Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Jenasi aliyowekwa baadaye inaitwa Pundamilia, neno la Kiswahili. Leo samaki huyo anafugwa katika matangi ya watu wengi Ulaya na Marekani, na wengi wao hawajawahi kuliona ziwa alikotoka.

Baadhi ya spishi nyingine za furu zilihifadhiwa katika matangi ya vyuo na bustani za wanyama ng'ambo wakati zilipokuwa zikiadimika ziwani. Tangi la kioo, ambalo likitumiwa vibaya huwa mtego wa samaki wadogo, likitumiwa kwa maarifa limekuwa kimbilio lao.

Aidha, kuanzia miaka ya 1990, sangara walipovuliwa kwa wingi, baadhi ya furu wanaokula vijidudu vya majini walirejea ghubani kwa idadi ya kuonekana. Wamerejea wakiwa wamebadilika: watafiti waliona kuwa katika spishi mojawapo, sehemu ya mwili iliyo karibu na mkia imekuwa pana zaidi, umbo linalosaidia kuchomoka kwa kasi mbele ya adui. Hata hivyo, spishi nyingi hazijaonekana tena.

Kambale na sato: hasara inayozuilika

Kwa mfugaji wa bwawa, samaki anayehitaji uangalizi mkubwa zaidi katika jambo hili ni kambale. Vifaranga wa kambale huanza kulana wakiwa wachanga. Mwanzoni, anapokuwa hajapishana sana na mwenzake, kambale humng'ata kwa kuanzia mkiani na kumla kwa sehemu. Anapokuwa mkubwa vya kutosha humshika kwa kichwa na kummeza mzima. Hatua ya pili ndiyo yenye hasara kubwa, kwa sababu haiachi ushahidi.

Mfugaji anaweza kutambua tatizo kwa dalili zifuatazo. Kwanza, idadi hupungua bila mizoga kuonekana. Pili, baadhi ya vifaranga huwa na mikia iliyong'atwa au majeraha. Tatu, wachache hujitokeza wakiwa wakubwa kupita wenzao wa rika moja, matumbo yakiwa yametuna hata kabla ya kulishwa. Ni vyema pia kuhakikisha kwamba hasara haitokani na maadui wa nje kama mnandi, kenge, fisi maji au wezi. Ndege na wanyama huacha nyayo, manyoya, magamba au mabaki kandokando ya bwawa. Kambale mla wenzake haachi kitu.

Kinga ya kwanza na ya uhakika zaidi ni kuchambua vifaranga kwa ukubwa. Katika wiki za mwanzo uchambuzi hufanyika kila baada ya wiki moja hadi mbili, kwa kutumia chujio au chombo chenye matundu ya kipimo kimoja, ili wadogo wapite na wakubwa wabaki. Makundi hayo hulelewa katika maji tofauti. Mfugaji mwenye tangi moja tu anapaswa angalau kuwatoa wale wachache waliowazidi wenzao, kwa kuwa kambale mmoja mkubwa akiachwa humeza wengi kabla ya siku ya mavuno.

Kinga ya pili ni chakula. Vifaranga wachanga wanahitaji kulishwa mara kadhaa kwa siku, chakula chenye protini ya kutosha na chembe zinazolingana na vinywa vyao. Chakula kitawanywe eneo lote badala ya kumwagwa sehemu moja, ili wanyonge nao wapate. Kinga ya tatu ni kuepuka msongamano na kuweka kivuli au vificho. Kambale ni samaki wa gizani. Kwenye mwanga mkali husumbuka na kushambuliana zaidi kuliko kwenye mwanga hafifu.

Sato nao hawana budi kuangaliwa. Ingawa hufahamika kama walaji wa mwani na chakula cha viwandani, vifaranga wakubwa wa sato huwala wadogo, hasa katika mabwawa ambamo wanazaliana hovyo na vizazi tofauti kuchanganyika. Ndiyo maana mfugaji hushauriwa kupanda vifaranga wa rika moja na ukubwa mmoja kutoka kwa mzalishaji anayetambulika.

Kwa wenye vizimba ziwani, uangalizi wa nyavu ni wa lazima. Tundu dogo huweza kumruhusu samaki mdogo wa mwituni kuingia, akala chakula cha mfugaji na kukua humohumo hadi hawezi tena kutoka. Akiwa ni mtoto wa sangara, kizimba kitakuwa kimemlea mwindaji katikati ya windo lake.

Jambo hilihili linaweza kumnufaisha mfugaji akilitumia kwa mpango. Katika baadhi ya mabwawa, kambale wachache huwekwa pamoja na sato kwa makusudi ili wapunguze vifaranga wanaozaliwa kupita kiasi na kudumaza wenzao. Njia hii hufanya kazi kwa masharti mawili: sato waliopandwa wawe wakubwa kuliko vinywa vya kambale, na idadi ya kambale iwe ndogo. Bila masharti hayo mfugaji huishia kuvuna kambale wachache walionona na bwawa lisilo na sato.

Kwa anayefuga nyumbani

Mwananchi anayefuga samaki wa mapambo anashauriwa kumwuliza muuzaji maswali mawili kabla ya kulipa: samaki huyu atafikia ukubwa gani, na kwa asili anakula nini. Muuzaji asipokuwa na majibu, ni heri kuahirisha ununuzi hadi majibu yapatikane kwingine. Samaki wanaowekwa pamoja wawe na ukubwa unaokaribiana hata watakapokuwa wamekomaa, na tangi liwe na mawe, vigae au mimea ya kujificha.

Samaki mgeni anapoingizwa katika tangi la zamani, siku za mwanzo zahitaji uangalizi wa karibu, hasa jioni. Akionekana kuwafukuza au kuwavizia wadogo, atengwe mapema. Kuongeza chakula husaidia kwa muda tu, kwani samaki mwindaji humeza windo lililo karibu hata akiwa ameshiba.

Asiachiwe ziwani

Lipo kosa moja ambalo ni baya kuliko hasara ya tangi zima. Ni pale mfugaji aliyechoshwa na samaki mla wenzake anapoamua, kwa huruma, kumwachia mtoni, bwawani au ziwani. Katika Bahari ya Atlantiki, aina ya samaki wenye miiba ya sumu ambao asili yao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki walionekana kwa mara ya kwanza kwenye pwani ya Florida, Marekani, mwaka 1985. Wanaaminika kutokana na matangi ya mapambo. Tangu wakati huo wameenea hadi Karibiani, wakila samaki wadogo wa matumbawe wasiowafahamu kama adui.

Nchini Tanzania, shughuli za uvuvi na ukuzaji viumbe maji husimamiwa kwa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake, na uhamishaji wa samaki hai hufanyika kwa vibali. Samaki wa kigeni asiyehitajika arejeshwe kwa muuzaji, apewe mfugaji mwingine mwenye tangi linalomfaa, au ushauri wa afisa uvuvi uombwe. Wananchi wanaohitaji ushauri huo wanaweza kufika kwa maafisa uvuvi wa halmashauri zao. Kwa wakazi wa Mwanza, Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) na Kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA), vyote vikiwa Nyegezi, ni taasisi za umma zenye wataalamu wa masuala haya.

Mwenye tangi lililochanganywa vibaya anaweza kurekebisha kosa lake kwa mchana mmoja, kwa ndoo na kitambaa cha kuvulia. Mwenye bwawa anaweza kulirekebisha kwa msimu mmoja. Kwa Ghuba ya Mwanza, zaidi ya miaka 40 imepita tangu sangara waongezeke, na hesabu ya furu waliopotea bado haijafungwa. Ndiyo sababu tahadhari inapaswa kuanza mahali ambapo kosa bado ni dogo, yaani kwenye mfuko wa plastiki wenye samaki mdogo anayenunuliwa leo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa ziwa hakuna fundi anayeweza kuujenga.